Sura ya Nne: Suti ya Marehemu Floribert

Ezéchiel alikiri kabla hajaulizwa, na hilo ndilo lililomtia Inspekta Georgette Nsimire mashaka.

"Njo mimi," alisema. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na shati lake lilikuwa na kola tu. Sehemu kubwa ya mgongo wa shati ilibaki mikononi mwa watu waliomkamata. "Stika ile ni yangu. Angalia pale chini, jina yangu iko."

Georgette aliishika simu ya kijana huyo. Kwenye kioo kilichopasuka alikuwapo Floribert, makanika wa boti iliyozama siku kumi zilizopita kati ya Minova na Bukavu pamoja na watu sitini na tatu. Ilikuwa stika, ile picha ndogo ya kutumiana kwa simu: uso wake ulikuwa umekatwa kutoka kwenye picha, umevalishwa suti ya bluu yenye ua jekundu kifuani, na chini yake yalikaa maneno meupe: MUANZE KUPAKULA, NIKO KARIBU.

Bendera zilikuwa zimeshushwa nusu mlingoti kwa siku tatu, nchi nzima. Siku iliyofuata mji ulianza kucheka. Mwalimu aliyechelewa darasani aliituma stika hiyo. Mchumba aliyechelewa kwa wakwe aliituma. Umeme ulipokatika mtaa wa Essence, watu waliitumiana gizani hadi betri zikaisha. Ilivuka Goma, ikafika Kinshasa, na huko watu ambao hawajawahi kuliona ziwa la Kivu waliituma kila foleni ya magari iliposimama. Ukiibonyeza, jina la mtengenezaji lilijitokeza: Ezé Mfalme wa Kicheko.

"Ulitengeneza siku gani?"

"Siku... Tatu," alisema, akimaanisha Jumatano.

"Saa ngapi?"

"Mangaribi."

"Picha ulitoa wapi?"

"Ku internet."

"Nionyeshe picha nzima. Ile yenye miguu."

Ezéchiel alitazama sakafu. Nje, nyuma ya ukuta wa kituo, sauti za ndugu wa waliozama zilipanda na kushuka. Tangu alfajiri walikuwa wamesimama kwenye matope, na mbele yao alikuwa Patrice, kaka mkubwa wa Floribert, aliyeandikisha lalamiko. Saa tisa alasiri Ezéchiel angepandishwa gari kwenda parquet, kwa mwendesha mashtaka, na kutoka huko gerezani. Brigadier Alphonse, msaidizi wake aliyekuwa polisi tangu Georgette akiwa shule ya msingi, alisema wazi kwamba gari hilo halingefika mbali. Ndani ya umati ule kulikuwa na mtu aliyebeba kidumu, na katika kidumu hakukuwa na maji.

"Ezéchiel. Stika hii hukuitengeneza."

"Nilitengeneza."

"Uliikuta, ukaitia kwenye pakiti yako ya stika, ukapiga jina lako juu yake. Zingine ngapi ulifanya hivyo?"

Ezéchiel aliivuta kola iliyobaki.

"Zote?"

"Inspecteur, nakuomba," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba umati ungemsikia. "Batu elfu kumi na moja bananifuata. Bakijua sitengenezake kitu, mimi niko nani mu mji hii?"

"Utakuwa mtu aliye hai. Nani alikutumia?"

Alijikuna kwenye damu iliyokauka shingoni. Georgette aliona kwamba kijana huyo aliogopa zaidi kupoteza sifa kuliko kupoteza ngozi, na akamngojea afikirie.

"Jean-Claude," alisema mwishowe. "Mutu ya masanduku ya maiti, pale Kadutu. Ananitumiaka vichekesho kila siku. Benye kutengeneza masanduku banapendaka kucheka sana."

Kwenye korido, Alphonse alikuwa ameegemea ukuta, simu mkononi. Aliizima haraka mno.

"Na wewe, papa?" Georgette aliuliza.

"Bibi yangu, mama ya batoto, aliuliza niko wapi." Mzee alikohoa. "Nilimutumia mara moja tu."

"Mara moja."

"Mara tatu. Inspecteur, vita tulicheka, mlima ulifunika nyumba tukacheka. Siku tutaacha kucheka, tutafanya nini na mikono?"

Georgette alitia daftari mfukoni. Alivaa koti la mvua, akamwashiria amfuate.

* * *

Karakana ya Jean-Claude ilinuka vanishi na mbao mbichi. Masanduku saba yalikuwa yamesimamishwa wima ukutani kama watu waliopanga foleni. Fundi mwenyewe, mnene, penseli nyuma ya sikio, alicheka kabla hajasalimiwa, kisha akaona kitambulisho na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Kweli, mimi njo nilimutumia Ezé. Lakini mimi pia nilipewa."

"Na nani?"

"Mètre Nonante."

Georgette alidhani ni jina la utani la jambazi. Jean-Claude alimgeuzia simu. Orodha yake ya wateja ilikuwa haina jina hata moja la mtu, vipimo vya Kifaransa tu. Kulikuwa na Mètre Septante, Mètre Soixante Mwanamuke, Mètre Dix Mutoto.

"Majina ya batu ya kilio siandikake," alieleza. "Banabadilishana simu, leo shangazi, kesho shemeji. Nikifuata jina nitaleta sanduku ya mutu mufupi kwa mutu murefu. Ilishatokea, maman inspecteur. Balikunja miguu ya papa wa watu. Tangu pale nafuata urefu tu. Nonante ni maiti ya mita moja na sentimita tisini."

"Fungua mazungumzo na Mètre Nonante."

Yalikuwa mafupi. Siku ya Pili, yaani Jumanne ya wiki iliyopita, saa nane na dakika kumi na mbili mchana, Jean-Claude aliandika: Papa uko wapi, sanduku iko tayari, mvua inakuja. Dakika moja baadaye lilikuja jibu, bila neno. Floribert katika suti yake ya bluu: Muanze kupakula, niko karibu.

"Unaona sasa?" Jean-Claude alishindwa kujizuia, mabega yalimtikisika. "Mutu anakuja kubeba sanduku ya ndugu yake, ananijibu na uso ya maiti mwenyewe! Nilianguka ku mabanzi. Nikasema, huyu bwana ana roho ya chuma. Alipofika alikuwa analia kama mutoto. Sikuelewa kitu. Lakini nilikuwa nimeshaituma."

Georgette alinakili namba ya Mètre Nonante kwenye daftari. Alipofika tarakimu ya sita mkono wake ulipunguza mwendo. Tarakimu tatu za mwisho aliziandika bila kutazama simu, kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa ameziandika tayari, kwenye lalamiko, chini ya jina la mlalamikaji.

Ilikuwa namba ya Patrice.

Alphonse alisoma juu ya bega lake, akapiga mluzi. "Tumukamate?"

"Ameapa kwamba aliiona stika hii kwa mara ya kwanza juzi Jumamosi, siku ya Posho. Ama anadanganya, ama simu yake inajua asichokijua yeye." Georgette alifunga daftari. "Simwulizi mpaka nijue ni lipi. Saa ngapi?"

"Tano na nusu."

Alisimama mbele ya masanduku, akaikuza picha kwenye kioo cha simu ya fundi. Picha iliyoambatishwa kwenye lalamiko ilimwonyesha Floribert akiwa na ovaroli na mafuta hadi viwikoni. Hapa alivaa suti. Ua lilikuwa upande wa kulia wa kifua, mahali ambapo hakuna mshonaji wala bwana harusi anayeliweka, na kifungo cha pili kilikuwa kimefunikwa na kivuli chenye umbo la dole gumba.

Alikifahamu kivuli hicho. Mwaka juzi alikitazama siku mbili mfululizo, kwenye kilio cha mjomba wake, kwenye bango lililotundikwa juu ya jeneza. Mjomba wake alikuwa mchimba dhahabu wa Mwenga, na hakuwahi kuvaa koti maishani.

* * *

"Batu bengi banakufaka bila suti," alisema Papa Lucien, mpiga picha aliyechapisha bango lile, bila aibu yoyote. "Mimi njo nabavalisha."

Ukuta wa studio yake ulikuwa umejaa wafu. Walimu, wachuuzi, askari, mzee wa kanisa: wote wanaume, wote katika suti moja ya bluu, ua upande wa kulia, dole gumba kwenye kifungo cha pili.

"Suti ni ya nani?"

"Ya mutu mumoja alikuja kufanya picha ya harusi, zamani. Niliigeuza picha sababu ya mwanga, njo ua ilienda upande ingine. Hakuna familia ilishauliza. Mutu akiwa na kilio haangaliake ua."

"Floribert ulimvalisha lini?"

Lucien alifungua kompyuta. Kazi ilimalizika Siku ya Pili, saa tano asubuhi. Bango lilichapishwa Siku ya Tatu na kutundikwa Siku ya Tatu jioni. Mazishi yalikuwa Siku ya Nne, Alhamisi. Georgette alipiga hesabu ya saa, si ya siku. Stika ilimfikia Jean-Claude Siku ya Pili mchana. Wakati huo bango lilikuwa halijazaliwa. Hakuna mpita njia aliyeweza kulipiga picha, wala mchekeshaji yeyote wa mtandaoni.

"Kabla ya kuchapisha, nani aliiona?"

"Familia tu. Natumaka kwanza, baseme kama ni sawa. Nilituma kwa namba moja." Aliisoma. Namba ileile.

"Na Patrice akajibu?"

"Patrice? Hapana. Alijibu maman, mjane."

Alibonyeza. Ujumbe wa sauti wa Siku ya Pili, saa tano na dakika arobaini, ulitoka kwenye simu ya Patrice kwa sauti ya mwanamke aliyekuwa amelia hadi koo likapasuka. "Papa Lucien, hakuwaka na suti hata moja. Anafanana na waziri." Kisha kitu ambacho Georgette alilazimika kukisikiliza mara mbili ili awe na hakika. Mwanamke alikuwa anacheka. "Acha vile. Iko muzuri. Acha vile."

* * *

Maman Godelive, mjane wa Floribert, aliwapokea mtaani Panzi kwenye nyumba iliyobaki na mkeka mmoja na viti vya plastiki vya kukodi, vimepangwa kimoja juu ya kingine, vikingoja kurudishwa. Alisikiliza swali moja tu. Kisha akaufunga mlango wa uani, mahali ambapo dada wawili wa marehemu walikuwa wanaosha sufuria.

"Simu ilikuwa ya shemeji," alisema. "Yangu ilikuwa imezimika, umeme hakukuwa. Alinipatia yake niangalie picha, yeye akaenda kulala kidogo."

"Nani alikufundisha kutengeneza stika?"

"Mu groupe ya bamaman ya parokia, tunatengenezaka kila siku. Bonne fête. Bonne semaine. Na maua, na rozari." Alitazama mikono yake kana kwamba haikuwa yake. "Nilijua njia. Vidole byangu bilijua."

Georgette alikaa chini kwenye mkeka. Alphonse alibaki mlangoni, kofia mkononi.

"Maneno yale ni ya nani, maman?"

"Yake. Kila siku akitoka safari, ananiandikia vile. Muanze kupakula, niko karibu. Anaweza kuwa ku Minova, boti haijawaka, anasema niko karibu! Bwana yangu alikuwaka mwongo wa njia. Nilipakula, sahani ikapoa, nikafunika, nikamugombesha miaka kumi na saba." Alivuta pumzi. "Ile Siku ya Tano, siku ya boti, pia aliandika. Saa kumi. Nikapakula. Sahani ilikaa pale mpaka asubuhi."

Alipangusa mkeka kwa kiganja, pale sahani ilipokuwa.

"Siku nne sikula, mukubwa. Hata maji. Sasa Papa Lucien anatuma ile picha, suti na ua. Mimi nikamuona vile, bwana wa mafuta mu suti ya waziri, na nikasikia sauti yake ikisema muanze kupakula. Nikacheka. Nikaandika maneno yake, nikajitumia mu simu yangu, kisha nikafuta mu simu ya shemeji. Sikujua inabakia mu kona ya stika, pale za mwisho zinakaaka. Siku ile njo nilikula. Kila mangaribi nikipakula naifungua, kisha nakula."

"Hukumtumia mtu mwingine?"

"Ya kumutumia nani? Ni bwana yangu."

Basi ilikuwa hivyo. Georgette aliuona mchana ule kama vile alikuwepo: Patrice anaamka, simu inalia, fundi anauliza uko wapi, macho yamejaa machozi, dole gumba linatafuta ile stika ya mikono miwili iliyounganishwa ya kuomba subira na linaangukia picha ya kwanza kwenye kona. Anaweka simu mfukoni. Anaenda kubeba sanduku. Na nchi nzima inabeba lililobaki.

Kutoka uani ilisikika sufuria ikitupwa chini. Godelive alipunguza sauti.

"Nyumba iko ku jina ya Floribert. Bale badada wanapima madirisha tangu juzi. Bakisikia nilicheka mu kilio, na ni mimi nilitengeneza ile kitu, watasema nilimuroga. Nitalala inje leo. Mutaandika jina yangu?"

Ukurasa wa daftari ulikuwa mweupe. Georgette aliutazama, kisha akafunga kalamu.

"Nimekuja kuuliza namba ya simu ni ya nani, maman. Nimejibiwa."

Alipofika mlangoni, mjane alimwita. "Mutaifuta kila fashi, kila mahali?"

"Haiwezekani tena."

"Basi muniachie yangu. Hiyo moja."

* * *

Saa nane na nusu Patrice alikaa mbele ya meza ya Georgette, mrefu kama ndugu yake, suti nyeusi imelowa hadi magotini. Hii ilikuwa suti ya kweli, ua halikuwapo.

"Gari iko tayari?" aliuliza. "Batu inje wanachoka."

"Utasaini kwanza. Hapa umesema humjui aliyeitoa stika hii nje."

"Ni ule mujinga munamufunga mu kasho. Jina yake iko juu."

"Jina lake lilipigwa juu Siku ya Tatu. Hii ni ya Siku ya Pili." Georgette alimsukumia simu ya Jean-Claude, aliyoiazima asubuhi ile, mazungumzo yakiwa wazi. "Soma namba."

Alisoma. Alisoma tena, akiifuata kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, akafungua, akapanda hadi Siku ya Pili, na Georgette aliona uso wake ukipauka.

"Nilibonyeza mikono," alisema. "Ya kuomba. Mikono miwili."

"Najua."

"Nilikuwa nalia, sikuwa naona." Aliigusa ile stika kwa dole gumba. Halafu macho yake yakabadilika, yakawa makali. "Lakini hii ilifikaka namna gani mu simu yangu? Mimi sitengenezake hizi vitu. Siku ile simu yangu nilimupatia..."

Akaifunga simu.

Alphonse, pembeni ya kabati, aliacha kupanga karatasi.

"Unaweza kulimalizia jina hilo," Georgette alisema. "Nenda ulitamke pale nje, mbele ya wale wenye kidumu. Lakini nami nitasoma PV yote, taarifa ya kituo, na jina la kwanza humo ni lako. Aliyeitengeneza hakuituma hata kwa mtu mmoja. Aliyeituma ni wewe." Alingoja. "Yeye anakula nayo chakula, papa. Tangu Siku ya Pili. Kabla ya hapo alikuwa hali."

Patrice alifunika uso. Mabega yake yalitikisika, na kwa muda haikujulikana ni kilio au kitu kingine. Kutoka ndani ya viganja alisema, "Alikuwa anatudanganya sisi wote. Niko karibu. Hata ku mazishi ya baba alichelewa, ananiandikia niko karibu." Sauti ilivunjika katikati, ikatoka kama kicheko, ikamshtua mwenyewe.

Alichukua kalamu, akaandika kwamba anaondoa lalamiko.

"Niwaambie nini?"

"Jina lako. Lingine hawakuuliza."

Alitoka. Georgette alisimama dirishani na hakuyasikia maneno, aliona tu mgongo mrefu kwenye ngazi, chini ya mvua, na nyuso zikimgeukia moja baada ya nyingine. Mwanamke mmoja alimtupia kiatu, kikampiga kifuani. Hakukiepuka. Alikiokota na kukishika. Mtu mwenye kidumu alisimama kwa muda, kisha akakitia chini ya koti kana kwamba kimeanza kumtia haya, akaondoka kuelekea barabarani. Wengine hawakuondoka. Walibaki pale tu, kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine pa kupeleka hasira.

"Ezéchiel," Georgette aliita.

Alphonse alimleta. Kijana alipoambiwa yuko huru, jicho lake zima lilihama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

"Basi kweli si mimi," alisema kwa huzuni.

"Utapitia mlango wa nyuma. Zile zilizokwisha kwenda zina jina lako, kwa hiyo juma hili usilale kwako. Lakini kabla hujatoka, fungua pakiti, uliondoe."

Alifungua, akafuta herufi za ufalme wake moja moja hadi kisanduku kikabaki tupu. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Inakatala, maman. Inaomba jina ya mwenyi kutengeneza. Haikubali kitupu."

Georgette aliutazama uso mdogo ndani ya suti ya wafu, ua upande usio wake. Fikira yake ilipita Panzi, kwenye sahani iliyofunikwa, kisha kwa mwanamume mrefu aliyesimama kwenye mvua na kiatu cha mtu mkononi.

"Maneno ni ya nani?" aliuliza.

Ezéchiel hakujua. Georgette alimwambia.

Kijana akaandika, polepole, kwa dole gumba lililovimba: Floribert. Kisanduku kilikubali.